Mujomba alilipa historia niliyoisoma nusu: mawese, mazutu na moteri ya Landi



Leo nataka tuongee historia, lakini historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakipita kila siku bila kukiangalia: njia ambayo mafuta yanapita ndani ya motokari, tangu rezervwari mpaka kwenye moteri. Najua kuna watakaosema, "Huyu ni agronomi, anatafuta nini katika mambo ya mafundi?" Muniache niseme. Niliingia katika mambo haya kwa mulango mubaya, na mujomba wangu ndiye alilipa.

Mujomba iko na Land Rover ya zamani, zile ambazo hapa kwetu tunaita Landi tu. Kwa miaka mingi ilikuwa inatoa muchele na karanga Kabambare na kuzileta Kasongo, njia ya zaidi ya kilometa 100 ambayo wale waliyoipita wakati wa mvua wanaijua. Moteri yake ilikuwa ya esansi na ilikuwa imechoka: inakula mafuta mingi, haina nguvu kwenye milima, pyesi hazipatikani tena. Familia ikakaa, ikakubaliana: tutoe moteri ya esansi, tuingize moteri ya mazutu ya Toyota, ile wanaita 3L, iliyotoka kwenye Hilux moja iliyopinduka. Fundi alifanya kazi ya nguvu. Akakata vyuma, akasude, akatafuta namna ya kuunganisha na bwate ya vitesi, mpaka moteri ikakaa sawa juu ya masisi. Siku ilipowaka, watoto wa mutaa walipiga makofi.

Sasa mimi nikaingia. Mazutu ilikuwa ya shida wakati ule, na bei ilikuwa juu. Na mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba moteri ya Rudolf Diesel ilitembea kwa mafuta ya karanga kule Paris mwaka 1900. Nikamuambia mujomba, "Mujomba, moteri ya namna hii ilizaliwa ikila mafuta ya karanga. Sisi tuko na mawese. Tuchanganye nusu kwa nusu." Mujomba aliniangalia, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma." Lile neno ningali nalibeba mpaka leo.

Landi ilitoka Kabambare na magunia ya muchele. Haikufika Kasongo. Ilianza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima katikati ya pori, haikuwaka tena. Muchele ulilala siku mbili njiani chini ya mvua, magunia mengine yakaharibika. Pompi ya injeksio ilikufa, injekteri ziliziba. Feza za ule muchele ndizo zilikuwa za minervali ya binamu zangu wawili. Mwaka ule mumoja wao alibaki nyumbani.

Tangu siku ile nilirudi kusoma ile historia tena, polepole, mpaka mwisho. Nikakuta kwamba sikudanganya. Nilisema ukweli nusu. Na ile nusu niliyoiacha ndiyo ilikuwa inazungumza juu ya pompi, filtri na tiyo.

MOTERI YA 1900 HAIKUWA MOTERI YETU

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake walikuwa Wajerumani. Alipewa hati ya uvumbuzi wake mwezi wa 2 mwaka 1893. Kwa sisi watu wa Kasongo huo mwaka si mugeni: mwezi wa 4 wa mwaka ule ule, jeshi la Dhanis liliingia Kasongo na kumaliza utawala wa Waarabu na Waungwana waliokuwa wameujenga huu muji tangu wakati wa Tippu Tip. Wakati muji wetu unabadilisha bwana, mutu mumoja Ulaya alikuwa anatafuta moteri isiyohitaji cheche. Moteri yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilitoka Augsburg mwaka 1897.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, moteri moja ndogo iliyotengenezwa na kampuni ya Otto ya Ufaransa ilitembezwa kwa mafuta ya karanga. Hiyo ni kweli. Diesel mwenyewe aliielezea mwaka 1912. Lakini sikilizeni alivyosema: wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, ambayo ilikuwa inafikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zinalimwa kwa wingi. Kwa hiyo moteri ya diesel haikuzaliwa na karanga mukononi. Karanga zilikuja nyuma, zikaletwa na watu waliokuwa na hesabu zao juu ya makoloni.

Na jambo kubwa zaidi ni hili: mafuta yalikuwa yanaingiaje ndani ya ile moteri? Hapa ndipo nilipoteza Landi ya mujomba. Ile moteri haikuwa na pompi ya injeksio kama yetu. Ilikuwa na mutambo wa kubana hewa, na ile hewa iliyobanwa kwa nguvu sana ndiyo ilikuwa inapuliza mafuta kuyaingiza kwenye silinda. Hewa ndiyo ilifanya kazi ya kuyavunja mafuta kuwa kama moshi. Tena moteri za wakati ule zilikuwa nzito, zinakaa mahali pamoja, zinazunguka polepole. Mafuta mazito yalipata nafasi ya kupita na wakati wa kuungua.

Lakini mutambo wa kubana hewa ni muzigo mukubwa kwa motokari. Ili diesel iingie vizuri kwenye kamio na baadaye kwenye motokari ndogo, ilibidi hewa iondoke na mafuta yasukumwe yenyewe. Kamio za kwanza za diesel zilitokea Ujerumani katika miaka ya 1923 na 1924. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutoa kwa wingi pompi yake ya injeksio. Mwaka 1936 ikatokea Mercedes-Benz 260 D, motokari ya watu ya mazutu. Hayo yote yaliwezekana sababu ya pompi yenye vipistoni vidogo vinavyoingia katika nafasi yao kwa uwazi wa mikroni chache tu, ni kusema sehemu chache za elfu moja za milimita. Unywele wa mutu hauwezi kupita pale. Na katika pompi nyingi za namna hiyo, pamoja na ile ya kuzunguka iliyo kwenye 3L yetu, mafuta yanayopita ndiyo yanailainisha. Yakiwa machafu, yakiwa na maji, au yakikosa kufika, pompi inajikula yenyewe.

Munaona? Kila hatua iliyofanya moteri ya Diesel iwe ndogo na nyepesi ilifanya pia mudomo wake uwe mwembamba. Moteri ya 1900 ilikula karanga kwa sababu ya namna mafuta yalivyoingizwa. Mimi nilichukua chakula cha babu nikakimuingizia mujukuu.

NJIA YA ESANSI NA NJIA YA MAZUTU

Turudi kwa Landi. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa 4 mwaka 1948, na moteri ya esansi ya litre 1,6. Moteri ya mazutu iliingia kwenye Land Rover mwaka 1957 tu. Kwa hiyo hata wale walioitengeneza walijua kwamba esansi na mazutu ni njia mbili.

Njia ya esansi katika Landi ya zamani ni nyepesi. Mafuta yanatoka kwenye rezervwari, yanavutwa na pompi ndogo inayosukumwa na moteri, yanafika kwenye karburateri. Presio ni kama 0,2 bari, kitu mutu anaweza kupuliza kwa mudomo. Ndani ya karburateri kuna kichombo chenye kielea. Kikijaa, kielea kinafunga mulango, mafuta yanangoja. Hakuna tiyo ya kurudisha. Uchafu ukiingia, unakwama kwenye gikleri, dereva anafungua, anapuliza, anaendelea. Wazee wetu wamefanya hivyo miaka na miaka kwenye njia ya Kabambare.

Njia ya mazutu ni kitu kingine kabisa. Pompi ya 3L inavuta yenyewe kutoka kwenye rezervwari kupitia filtri, halafu inasukuma mpaka injekteri ifunguke, na injekteri haifunguki chini ya bari 100. Tena pompi inavuta mafuta mengi kuliko yale yanayoungua. Yale yanayobaki yanarudi kwenye rezervwari, na yanaporudi yanabeba joto na mapovu ya hewa. Bila ile njia ya kurudi, joto na hewa vinabaki ndani vinazunguka.

Sasa tuone sisi tulifanya nini. Tuliacha rezervwari ile ile ya zamani, ndani kutu. Tuliacha tiyo za mupira za esansi. Filtri tuliweka ile ndogo ya plastiki inayoonekana ndani, ya karburateri. Na kwa sababu rezervwari ya esansi haikuwa na tundu la pili, tiyo ya kurudisha iliungwa kwenye tiyo ya kuvuta, kwa kiungo cha T. Moteri iliwaka, tukafurahi. Kwa mazutu safi pengine ingetembea miezi michache. Kwa nusu mawese haikumaliza safari moja.

Sitaki kumulaumu fundi. Yeye alipewa moteri, hakupewa feza za njia ya mafuta. Sisi ndio tuliosema, "Hizo tiyo zingali nzuri."

Na mawese yenyewe? Kuna kipimo cha uzito wa kutiririka. Kwa joto la digri 40, mazutu iko kati ya 2 na 4,5 katika kile kipimo cha milimita za muraba kwa sekunde. Mafuta ya mawese iko karibu na 40. Ni kusema ni mazito kama mara kumi. Na hapo ni digri 40. Asubuhi ya kiangazi, munajua wenyewe, bidoni ya mawese inaganda mpaka unachota na kijiko. Mimi niliyeona mawese yakiganda tangu utoto wangu, niliyefundishwa mpaka lisansi sababu ya kuganda kwake, sikujiuliza hata mara moja yatapitaje kwenye filtri. Nilikuwa na jibu la Paris, nikasahau jibu la jikoni kwa mama.

WALIOFIKIRI MAMBO HAYA KABLA YETU

Hapa ndipo historia inakuja karibu na sisi kabisa.

Mwaka 1937, mwezi wa 8, mwalimu mumoja wa Iniversite ya Brussels, jina lake Chavanne, alipewa hati ya Ubelgiji namba 422 877. Ilihusu namna ya kugeuza mafuta ya mimea ili yatumike kama mafuta ya moteri. Mafuta aliyofikiria kwanza yalikuwa mawese, na mawese ya Ubelgiji yalikuwa yanatoka wapi? Kongo. Mwaka uliofuata, 1938, bus moja ilitembea kati ya Brussels na Leuven kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo. Ilitembea vizuri. Mwaka 1942, wakati wa vita, ripoti ndefu juu ya kazi hiyo ilitoka katika Bulletin agricole du Congo belge, gazeti la kilimo la koloni. Watu wengi leo wanahesabu ile kazi kati ya mwanzo wa kile dunia inaita biodizeli.

Chavanne alifanya nini ambacho mimi sikufanya? Hakumwaga mawese ndani ya bus. Kila chembe ya mafuta ya mawese ina mikia mitatu iliyofungwa kwenye gliserini. Yeye aliweka alkoli na asidi, akapasha moto. Alkoli ikachukua nafasi ya gliserini, mikia ikaachana. Gliserini inatengwa, na kinachobaki ni maji maji mepesi ambayo uzito wake wa kutiririka unashuka kutoka 40 mpaka karibu 4 ao 5. Pale pompi inaweza kuelewana nayo.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu za kuwa mutu wa haki na moteri. Ao unabadilisha njia ya mafuta ili ifuate mafuta uliyo nayo, kama moteri ya 1900 na hewa yake. Ao unabadilisha mafuta ili yafuate njia iliyopo, kama bus ya 1938. Mimi sikubadilisha hata kimoja.

Kuna mumoja hapa atasema, "Basi tufanye kama Chavanne, lutuku tuko nayo." Polepole. Lutuku ina maji mingi ndani. Njia inayotumiwa sana leo ni ya soda, si ya asidi, na mawese, soda na maji vikikutana munajua vinatoa nini: sabuni. Mama zetu wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi. Alkoli ya kazi hiyo lazima iwe kavu karibu kabisa, na mafuta yenyewe yasiwe yamechacha. Tena hata ikifanikiwa, yale mafuta mapya yanakula na kuvimbisha mipira ya kawaida. Tiyo na joenti zinabadilishwa pia. Unaona, tumerudi tena kwenye pyesi.

Nisiache upande mwingine wa miaka ile. Mwaka 1941, watafiti wa INEAC, Beirnaert na Vanderweyen, walitoa kazi yao iliyoonyesha kwamba ngazi ya tenera, ile yenye nyama mingi na kokwa nyembamba, ni mutoto wa dura na pisifera. Kila agronomi wa mimea ya mafuta duniani anaishi juu ya kazi ile, hata kule Malezia na Indonesia. Kwa hiyo katika miaka mitano, 1937 mpaka 1942, ngazi ya Kongo ilitoa elimu mbili kubwa: mbegu nzuri na mafuta ya moteri. Na mwaka ule ule wa 1942, serikali ya koloni ilipandisha siku za kazi za lazima kufika 120 kwa mwaka, juu ya jitihada za vita. Gazeti liliandika juu ya mafuta ya kesho, na babu zetu walihesabu siku. Yote mawili ni historia ya mafuta. Ukisoma moja tu, umesoma nusu, na mimi nimekwisha kuwaonyesha nusu inafanya nini.

HATA KABLA YA MOTERI

Hili si jambo la moteri peke yake. Njia ya Ujiji, Kabambare, Kasongo ilikuwa njia ya misafara kabla haijawa njia ya magurudumu. Livingstone aliipita, katika maandishi yake Kabambare anaiandika Bambarre. Nguvu ya musafara ilikuwa mabega ya watu, na mafuta ya mabega ni chakula. Ndiyo maana Waarabu na Waungwana walilimisha muchele huku Maniema. Bila mashamba karibu na njia, musafara haufiki. Ule muchele tungali tunaula, na ndio uliokuwa ndani ya Landi.

Wakaja wazungu na mvuke. Masuwa ya mvuke juu ya muto ilikula kuni, na kila mahali ilipohitaji kusimama palihitaji watu wa kukata kuni. Reli ya Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, ilifunguliwa kupita pale ambapo Lualaba hauruhusu masuwa. Tena, mutambo mupya, chakula kipya, njia mupya ya kukifikisha. Na wakati wa vita vya miaka yetu, motokari zilipopotea, vijana walisukuma mizigo kwa kinga, na hesabu ikarudi kwenye sahani ya ugali.

Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa kamwe "mutambo huu una nguvu gani?" Swali la kwanza lilikuwa, "Utakula nini, na hicho chakula kitamufikiaje?"

KAMA UNABADILISHA MOTERI, CHAGUA HIVI

Nimejifunza haya kwa mafundi watatu, kwa vitabu, na kwa aibu. Nayaweka kwa mupango:

1. Anza na mafuta, si na moteri. Kwenye njia yako kunauzwa nini, na kinauzwa ndani ya nini? Kama mafuta yanauzwa kwa bidoni kando ya njia, hesabu maji na muchanga kama sehemu ya mafuta.

2. Jua presio. Karburateri inataka kama 0,2 bari. Moteri ya esansi ya injeksio inataka kama bari 3, na pompi ya umeme. Diesel ya zamani ina pompi inayovuta yenyewe na kufungua injekteri kwa zaidi ya bari 100. Diesel za leo za reli moja zinapita bari 1 000, hizo kwenye bidoni za kwetu mimi sizigusi. Pompi ya umeme ya injeksio ukiiweka kwa karburateri, inasukuma kielea na kumwaga esansi juu ya moteri ya moto. "Imeingia vizuri" si sababu ya kuchagua pompi.

3. Tiyo ya kurudisha ifike rezervwari. Si kwenye T. Kama rezervwari haina tundu la pili, itolewe, ioshwe mpaka harufu ya esansi imalizike kabisa, ndipo itobolewe na kusudiwa. Rezervwari iliyobeba esansi ikiguswa na moto, inaua mutu. Yale mafuta ya kurudi yamwagike mbali na pale pompi inavutia.

4. Rezervwari iwe bila kutu na bila rangi ya zinki ndani. Zinki na mazutu havipatani vizuri. Muvutaji usiguse chini kabisa, maji yanalala pale.

5. Maji yatengwe kwanza, filtri ifuate. Weka chombo cha kutenga maji chenye kifunguo chini, halafu filtri ya mazutu ya kweli, ya ukubwa wa moteri, pamoja na pompi ndogo ya mukono ya kutoa hewa. Ile filtri ya plastiki ya esansi ni sawa na kuchuja mawese kwa wavu wa samaki.

6. Tiyo ziwe za mazutu, pana kiasi, bila kukunjwa, na kola zibane vizuri. Upande wa kuvuta una hila: tundu dogo halimwagi mafuta, linaingiza hewa. Utatafuta muvujo hautauona.

7. Usisahau kuzima. Moteri ya esansi unaizima kwa kukata cheche. Diesel haina cheche. Pompi ya kuzunguka ina kifungo cha umeme kinachokata mafuta. Kipewe waya yake kutoka kwenye funguo.

Mukihesabu, hizo pyesi zote pamoja ni feza kidogo mbele ya bei ya pompi moja ya injeksio. Sisi tulikwepa ndogo, tukalipa kubwa, na mutoto akakosa masomo.

Landi ya mujomba inatembea tena. Rezervwari ina matundu mawili, chombo cha maji kinafunguliwa kila asubuhi kabla ya safari, na unashangaa maji yanayotoka. Binamu amerudi shuleni, mwaka mumoja nyuma ya wenzake. Mawese tunapikia.

Lakini sijaachana na Chavanne. Katika Maniema tuko na ngazi, na mazutu yetu inatoka mbali mpaka inafika Kasongo ikiwa imechoka na imechafuliwa. Kati yetu kuna waliosoma kemia, kuna waliosoma mekanike, kuna sisi wa kilimo. Nafikiri tungeanza na moteri moja ndogo, ya polepole, inayokaa mahali pamoja, kama zile za kusaga muhogo. Mafuta yaliyogeuzwa vizuri na kupimwa, njia ya mafuta iliyotengenezwa kwa ajili yake, na daftari la kuandika kila saa ya kazi. Mashini ikiharibika, iharibike ya kwetu, si ya mujomba wa mutu.

Nilimueleza mujomba habari ya ile bus ya 1938. Akauliza kitu kimoja tu, "Ilifika?" Nikasema ilifika. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Safari hii, soma mpaka mwisho."

Aliye na habari za mazee waliowahi kutembeza moteri kwa mawese wakati wa ukoloni ao wakati wa vita, huku Kasongo, Kabambare ao pengine, atuletee. Hiyo nayo ni nusu ambayo hatujaisoma.